Pembe Zilizopindwa na Mwingine

Mchana huo Ekidor alirudi kutoka mnadani bila kusalimia mtu, akakataa uji aliowekewa na mkewe, akajilaza juu ya ngozi kibandani huku jua bado linawaka. Ekidor ndiye mtunga nyimbo wa upande wetu wa mpaka, na wimbo uliompa umaarufu ni ule wa Apalomeri, mwizi wa mifugo aliyewasumbua askari wa serikali mbili mpaka alipokufa kwa homa porini. Kwetu mwanamume hujulikana kwa fahali ampendaye. Humpinda pembe tangu akiwa ndama, akizigonga kwa jiwe na kuzifunga kwa kamba ya ngozi, mwaka baada ya mwaka, hadi zikae anavyotaka, kisha yeye mwenyewe huitwa baba wa fahali huyo. Apalomeri maana yake ni baba wa Lomeri. Kesho yake vijana wangechinja kumkumbuka, na Ekidor angeimba.

Lakini kule mnadani mjane mmoja wa ng'ambo ya mpaka, jina lake Nakwawi, alikuwa amemshika mkono mbele ya watu. "Mwimbaji," alimwambia, "Lomeri alikuwa wa mume wangu. Pembe zile alizipinda yeye. Huyo mwizi wenu alimuua mume wangu akiwa amechuchumaa, anakamua, akachukua ng'ombe, akachukua na jina. Kesho mrudishie mwenyewe jina lake. Nina watoto wanaokua wakisikia baba yao hakuwa kitu." Ekidor angeweza kunyamaza. Ila vijana walikuwa wakitazama, naye akasema, "Mama, kama mumeo alikuwa dume, mbona alikufa ameshika kibuyu?" Watu walicheka mpaka wachuuzi wa mbuzi wakageuka. Nakwawi hakulia. Aliuachia ule mkono kama mtu anayetupa kitu kichafu.

Usingizi ulimchukua Ekidor kicheko hicho kikiwa bado masikioni, akajiona anatembea katika nchi tambarare isiyo na kivuli, ambayo majani yake yote yameinama upande mmoja kana kwamba yanaogopa kumtazama. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu aliyejitanda kaniki, miguu mitupu.

"Wewe nani?" Ekidor akauliza.

"Aibu. Nimebisha kwako siku nyingi, nawe ukawa unaimba kwa nguvu zaidi ili usinisikie."

"Sikukuita."

"Mimi siitwi. Nifuate, wala usinitangulie, maana wanaonitangulia hufika kwa Kiburi, na huko hakuna njia ya kurudi."

Wakafika kwenye mji uliozungushiwa ukuta wa ngozi zilizopakwa mafuta, zinazong'aa kwa nje na kutambaa mabuu kwa ndani. Langoni alikaa Sifa, jitu nene lililojipaka udongo mwekundu, mdomo wake haufungiki. "Mwanangu!" akapiga kelele, akimkumbatia Ekidor. "Ingia, unenepe!" Pembeni mpishi wake, Uongo, alikoroga chungu akakonyeza jicho. "Karibu, kaka. Kuni zote hizi umeniletea wewe." Ekidor akacheka, kifua kikamtanuka, akataka kukaa. Aibu akamgusa bega. "Muulize Apalomeri yuko wapi." Hapo Sifa akanuna. "Apalomeri wa nini? Si wimbo upo?"

Walimkuta nyuma ya nyumba, zizini, kijitu chembamba kilichopiga magoti juu ya samadi. Kichwani alikuwa amefungwa pembe kubwa za fahali kwa kamba ya ngozi, nzito kiasi kwamba shingo ilikuwa imepinda. Ubavuni alilala Woga, mbwa mwenye upele, akimlamba mkono.

"Ekidor, nifungue," akasema. "Kila ukiimba zinakua. Ulisema risasi ziligeuka maji. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mavi ya mbuzi, nalia. Huyu mbwa anajua, ndiye peke yake aliyetembea nami. Ulisema tulipigana na mwenye ng'ombe mpaka jua likachomoza. Yule mtu hata hakugeuka. Alisikia hatua, akadhani ni nduguye, akaniambia, 'Nishikie ndama, ananisumbua.' Nikamshika ndama. Kisha nikamchoma kisu."

Ekidor akaingiza vidole kwenye fundo, lakini kadiri alivyovuta ndivyo lilivyokaza, na mwizi akapiga yowe.

"Acha," Aibu akasema. "Ulifunga kwa mdomo, sasa unataka kufungua kwa siri, kwa mkono. Waliosikia la kwanza wasikie na la pili."

"Watanicheka."

"Watakucheka sana. Wewe utaamka kesho yake. Yule aliyechomwa kisu hakuamka."

"Na Sifa?"

"Atapata mwimbaji mwingine kabla hujatoka langoni."

Ekidor akageuka, akaona mtu amechuchumaa kando ya ng'ombe, amempa mgongo, mabega yanacheza taratibu kwa kukamua. Nyuma yake kisu kilikuwa kinakuja. Ekidor akafungua mdomo amwite, ajiokoe, lakini mdomo ulibaki wazi bila neno. Hakujua amwite kwa jina gani.

Akaamka amelowa jasho, na mara moja akaelewa. Aliijua rangi ya Lomeri, mpindo wa kila pembe, hata kisima alichonyweshwa. Mtu aliyekufa hakuwahi kumuulizia hata jina. Aliondoka mbio bila viatu, jua likielekea kushuka, akamkuta Nakwawi ukingoni mwa mnada anamfunga punda mzigo.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mumeo aliitwa nani?"

Nakwawi akakaza kamba, hakuinua uso. "Ulinitukana kwa sauti. Uliza kwa sauti hiyohiyo."

Vijana walikuwa wameshamwona, wanakuja wakitabasamu. "Mwimbaji! Umekuja kutuonjesha wimbo wa kesho?"

Ekidor akavuta pumzi, akauliza tena, na wote wakasikia kwamba hajui.