Pipa la Mpishi wa Harusi

Kabla Beverly Awino hajaja Shimanzi, mtaa wa magodauni karibu na bandari, kila asubuhi Zoher Akbarali aliingia godauni akaenda moja kwa moja kwa Wanza. Alichukua chupa ya dizeli iliyotengenezwa jana yake, akaiinua mbele ya dirisha, akauliza, "Wanza, wasemaje?" Wanza aliinusa, akasugua tone moja kati ya vidole, akasema, "Iko sawa," au, "Ioshwe tena." Zoher hakuwa akibishana naye.

Miaka saba ilikwenda hivyo. Kabla ya hapo Wanza alikuwa akikaanga viazi karai na bhajia karibu na nyumbani kwake Tudor. Zoher, aliyekuwa amemwachia nduguye duka la kanga la ukoo wao pale Biashara Street, alipita kila wiki kununua mafuta yaliyochoka. Siku moja Wanza alimwuliza anayapeleka wapi. Zoher akamchukua hadi godauni akamwonyesha: mafuta machafu yanachujwa, yanapashwa moto maji yatoke, yanachanganywa na methanoli na kostiki soda, kisha yanaachwa yatulie mpaka gliserini izame chini na juu ibaki dizeli ya kutia kwenye lori. Wanza alitazama tangi zima likibadilika rangi, akasahau kwamba ameacha karai lake barabarani. Mwezi haukuisha akawa ameajiriwa. Mengine alijifunza kwa pua, kwa macho, na kwa kuungua mikono.

Awino alikuja mwezi wa Januari. Alikuwa mkemia wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kisumu, mwenye shahada na sanduku la mirija ya kioo. Alimwamkia Wanza shikamoo kila asubuhi, akamwita mama, na chai ikiletwa alimpa yeye kikombe cha kwanza. Lau angekuwa na kiburi, Wanza angejua la kumfanya. Adabu ile ilimkosesha pa kushika.

Wiki ya pili Zoher aliingia, akaichukua chupa, akampita Wanza kama anavyopita nguzo, akaipeleka kwenye meza ya Awino. Awino alitonesha dawa yake tone kwa tone mpaka ile chupa ikapiga rangi ya waridi, akaandika, akasema jambo kwa sauti ya chini. Zoher akacheka. Wanza alikuwa na ndoo mkononi. Katika miaka yote ile hakukumbuka hata siku moja aliyomchekesha Zoher.

Tangu hapo akawa anahesabu. Mara ngapi Zoher ameketi kwenye kiti cha meza ile. Mara ngapi madereva wa malori wamesimama mlangoni kumwita yule msichana "daktari." Yeye walimwita Mama Mafuta, jina ambalo zamani lilimfurahisha.

"Amekukosea nini?" mumewe Joab alimwuliza wakila chakula cha jioni. Joab alifanya kazi reli na hakupenda maneno mengi.

"Hajanikosea."

"Basi?"

"Basi ungemwona Zoher anavyomsikiliza! Mimi nikisema mafuta haya hayafai, husema ndiyo. Yeye akisema, huvuta kiti akakaa."

Joab akamega ugali. "Wanza, huyo si mumeo. Ni mwajiri wako."

Wanza akamwongezea mboga. Hakuwa na jina la kuliita jambo lile, ila alijua kwamba wivu wa mume asingeuonea haya kiasi hiki.

Lililomchoma zaidi lilikuja mwezi wa Machi. Awino alileta madebe ya mafuta mazito ya rangi ya kahawia, akamwita. "Mama, waujua muthulu?"

Wanza alicheka kwa hasira. Mti wa muthulu ulitia kivuli kwenye ua wa mama yake kule Ukambani. Walipokuwa watoto waliwatupia mbuzi kokwa zake. Hakuna aliyewahi kuzikamua.

"Zina mafuta mengi," Awino akasema. "Hayaliwi, kwa hiyo hatumnyang'anyi mtu chakula. Tukiyachanganya na mafuta ya jikoni hatutakwama tena mwezi wa Ramadhani mikahawa ikifungwa mchana. Kuna kikundi cha akina mama huko kwenu wako tayari kutuokotea."

Huko kwenu. Msichana wa ziwani alikuwa amekuja kumfundisha mti wa kwao! Na Zoher, aliyesimama nyuma yao, alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, akisema, "Mashallah, wamsikia, Wanza? Wamsikia?"

Mchanganyiko wa kwanza ulipangwa kufanywa Alhamisi. Ishaq, msimamizi wa malori wa kampuni moja ya uchukuzi iliyokuwa jirani, alikubali kuja kuutazama. Ukitoka vizuri angeujaribu kwenye lori lake moja. Nusu ya tangi ingekuwa mafuta ya muthulu, na nusu mafuta ya mapipa manne yaliyotoka kwa mpishi wa harusi wa Mji wa Kale.

Wanza aliyajua mapipa ya mpishi yule. Watu wake walikuwa wakimimina humo hata maji ya kusuuzia masufuria. Juu mafuta yalikuwa safi, ya kung'aa. Chini yalikaa maji na mashapo ya shahamu. Yeye kila mara aliingiza mrija mrefu mpaka kwenye kitako cha pipa, na mafuta yale aliyapasha moto kwa saa tatu nzima, maana maji yakikutana na kostiki hugeuza mafuta kuwa sabuni.

Asubuhi ile Awino alikuwa amejaa shughuli, mirija mikononi. "Mama, tafadhali, nichotee sampuli kwenye mapipa yale."

Wanza alichukua kikombe. Mrija mrefu ulikuwa umeegemezwa ukutani, hatua mbili kutoka aliposimama. Aliutazama. Kisha akainama, akachota juu juu, pipa la kwanza, la pili, la tatu, la nne, akampelekea.

Awino alipima. "Safi kabisa! Hayana maji. Tuyapashe nusu saa tu."

"Sawa," Wanza akasema.

Ishaq alifika saa tano, methanoli na kostiki zikiwa zimeshatiwa. Zoher alimwonyesha tangi, akamweleza habari za muthulu kama mtu aliyezaliwa chini yake. Walisubiri mafuta yajitenge. Saa moja ikapita. Awino alifungua bomba la chini akinge gliserini, na kilichotoka kilikuwa uji mweupe wenye povu, mzito, ukidondoka mabonge mabonge kwenye ndoo. Akalifunga. Akalifungua tena. Uji uleule.

"Hii ni sabuni," Ishaq akasema, si kwa ubaya, akatazama saa yake.

Zoher alimsindikiza hadi nje. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka. "Miaka saba," akamwambia Awino, "Wanza hajanipa sabuni."

Wanza alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu Januari. Yalimfikia, yakampa joto kifuani, na joto lile lilidumu mpaka alipoona Awino hajitetei. Msichana alivua koti lake jeupe, akavaa glavu, akaingiza mikono kwenye tangi akaanza kukwangua.

Alikwangua siku mbili. Ijumaa dereva mmoja alimletea dafu. Mwingine akamwambia asife moyo, hata wakubwa hukosea. Wanza aliyaona yote hayo akiwa upande wa pili wa mapipa, na aibu iliyoje, wivu ukampanda tena. Hata kuanguka kwake kulipendwa! Yeye alipoungua mkono mwaka wa kwanza, nani alimletea dafu?

Jumamosi Awino alikuwa mezani akiandika. Wanza alipita nyuma yake, akachungulia daftari.

"Waandika nini?"

"Sababu," Awino akasema bila kugeuka. "Ni mafuta ya muthulu. Mafuta ya jikoni nilipima, yalikuwa makavu. Kwa hiyo ni muthulu. Namwambia Bwana Zoher tuache, na akina mama wale niwaandikie wasiokote tena."

Wanza alisimama. Angeweza kuendelea na njia yake. Lakini kwenye daftari lile neno lilikuwa limeandikwa kwa wino, na lilikuwa si kweli, na mtu atakayelisoma baadaye atalishika kama lilivyo. Hilo hakuliweza. Alikuwa ameiheshimu kazi ile kabla ya kumwonea mtu wivu.

"Futa," akasema. "Si muthulu. Maji yalikuwa chini ya mapipa. Nilikuchotea juu."

Awino aligeuka polepole. "Hukujua?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukaniacha nitie kostiki?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, mama?"

Wanza alitafuta jibu la maana, akapata dogo tu. "Kwa sababu chupa ya asubuhi alikuwa akiniletea mimi."

Awino akaweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa mvuke wa tangi, au kwa jambo jingine. Akalifunga daftari, akainuka. "Njoo umwambie mwenyewe."

Zoher hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimsikiliza Wanza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nilidhani wewe ndiye hutaniangusha." Alimwondoa kwenye matangi. Kuanzia Jumatatu Wanza alizunguka kwa tuktuk kwenye jikoni za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni, kukusanya mafuta yaliyokaangiwa mahamri na kachri, mtandio wake ukinuka moshi wa watu wengine.

Wiki ya tatu alirudi na mzigo akakuta lori la Ishaq limesimama mlangoni, injini inanguruma. Awino alikuwa amerudia mchanganyiko, muthulu nusu kwa nusu, na safari hii ulitoka mwangavu. Dereva alichungulia dirishani. "Nani ametengeneza haya?"

"Mimi," Awino akasema.

Ilikuwa kweli. Ilimchoma Wanza palepale ilipokuwa ikimchoma siku zote, wala uchungu haukuwa umepungua. Akaanza kushusha mapipa yake.

Awino alimjia. Hakumwamkia shikamoo; hakuwa akimwamkia tena. "Haya yametoka wapi, Bi Wanza?"

"Kwa mpishi wa harusi. Yana maji chini, kama shubiri moja."

Awino aliutwaa mrija mrefu, akauingiza mwenyewe mpaka kwenye kitako, akautoa, akapima maji yaliyomo kwa shubiri yake. Kisha akaenda pipa la pili, akafanya vivyo hivyo. Sakafu pale ilikuwa na mwinamo, na pipa lilikuwa likiyumba, basi Wanza akalikumbatia kwa mikono miwili, akalishika hivyo mpaka msichana alipomaliza.