Ukuta wa Mama Priscah

Picha ya kwanza ilikataliwa kwa sababu ya ukuta mweupe. Ya pili ilikataliwa kwa sababu ya uzuri.

Mwalimu Aloo aliisoma barua pepe ya ubalozi wa Tanzania mara tatu, amesimama mlangoni pa studio mjini Eldoret. Maneno yalikuwa machache na ya adabu: nyuma pawe na buluu iliyopauka, na picha ya pasipoti ifanane na mwombaji. Ifanane na mwombaji! Aliitazama tena ile picha kwenye simu. Kweli, yule mwanamke alikuwa mrembo, uso unang'aa kama wa mtoto aliyetoka kupakwa mafuta. Lakini kovu la Aloo juu ya jicho la kushoto halikuwepo, na sikio moja lilikuwa limemezwa na buluu ya kompyuta.

"Kaka Cyril," alisema kwa upole wa mtu anayekaribia kulia, "sikio langu liko wapi?"

Cyril Okumu, mwenye studio, alijikuna kichwa. Alikuwa mtu wa Siaya, na tangu agundue kwamba Aloo ni Mjaluo mwenzake, japo wa Shirati upande wa Tanzania, alimchukua kama ndugu. Balaa lilianzia hapo. Wateja wengine aliwapiga picha akawapa, basi. Nusu ya wanariadha wa Kaptagat walikuwa wamezunguka dunia, kwenye picha zao za viza, wakiwa ndani ya koti lile lile jeusi lililotundikwa kwenye msumari wa studio yake, na hakuna aliyelalamika. Ila dada wa kwao nyumbani alistahili kutengenezwa zaidi.

"Sasa, dada yangu, ningekuwacha aje uende embassy na kovu?" alijitetea. "Si watasema huku hatukutunzi?"

Aloo alicheka bila kupenda, kisha akakumbuka saa. Ilikuwa Jumatano, saa saba mchana. Picha ifike kabla ya saa kumi na moja, la sivyo miadi yake ya Ijumaa kule Nairobi angepewa mwingine, naye asubiri hadi mwezi ujao. Kibali chake cha kazi kilikuwa kinaisha mwezi huu. Bila pasipoti mpya hakuna kibali, na bila kibali wanafunzi wake wa gredi ya tisa wangeingia mtihani wa Kiswahili na mwalimu mwingine. Miaka sita ya Eldoret ingekunjwa ndani ya sanduku moja. Wazo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia, maana siku zote alijiambia yuko hapa kwa muda tu.

"Kompyuta sasa basi," alisema. "Nataka ukuta wa buluu wa kweli na sura yangu ilivyo."

"Na huo ukuta nitautoa wapi, mwalimu?"

Aloo alijua pa kuutoa. Alikuwa amepanga chumba Cheptiret, nyuma ya duka la maziwa la Mama Priscah, na mwezi uliopita yule mama alikuwa amelipaka duka lake buluu ya anga. Cyril alibandika mlangoni karatasi ya "narudi saa hii", akawasha gari lake bovu, wakashika barabara ya Nakuru.

Ukuta ulikuwapo, na juu yake ng'ombe mkubwa aliyechorwa na fundi asiyemjua ng'ombe vizuri. Kati ya mkia wa ng'ombe na mlango palibaki nafasi ya mtu mmoja, buluu tupu. Tatizo lilikuwa jua. Lilikuwa linawaka usoni mwa Aloo hadi pua ikatupa kivuli shavuni.

"Tungoje wingu," Cyril aliamua.

"Mkingoja, mkunywe," alisema Mama Priscah, ambaye hajawahi kumruhusu mtu aondoke kwake na koo kavu. Alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuganda yanayotiwa unga wa mkaa.

"Asante Mama, lakini tuna haraka sana."

"Haraka ya nani? Wingu halijafika. Kunywa."

Aloo akanywa. Mursik ilikuwa baridi na tamu, akanywa tena. Hapo wingu likafika, Cyril akapiga kelele, "Simama! Kidevu chini! Usicheke!" na kamera ikalia mara kumi mfululizo. Jua liliporudi waliinamia kamera wote watatu. Nuru ilikuwa safi. Masikio yote mawili yalikuwepo. Kovu lilikuwepo. Na juu ya mdomo wa Aloo, wazi kabisa, palikuwa na masharubu ya kijivu.

"Nitayatoa na kompyuta," Cyril alinong'ona.

"Usithubutu!"

Walicheka hadi mteja mmoja akatoka dukani na chupa yake kuja kuona. Mama Priscah alishika ncha ya leso yake, akamfuta Aloo mdomo taratibu, kama anavyofutwa mtoto kabla ya kwenda kanisani. Tangu mama yake afariki, hakuna aliyewahi kumfuta mdomo.

Saa kumi na nusu wingu jingine lilikuja, hili likiwa na mvua tumboni. Aloo alirudi ukutani, lakini kicheko kilikataa kukauka.

"Fikiria kitu ya huzuni!" Cyril alimsihi. "Mvua hiyo!"

Aloo alimtazama Mama Priscah, aliyesimama nyuma ya kamera amekumbatia kibuyu. Akafikiria lile sanduku. Uso ukatulia wenyewe. Kamera ikalia, na matone ya kwanza yakaanguka juu ya mabati. Kabla ya saa kumi na moja picha ilikuwa imeshatumwa ubalozini.

Asubuhi jibu lilikuja: picha imekubaliwa.

Wiki mbili baadaye Aloo aliingia dukani na pasipoti mpya mkononi. Picha ya masharubu ilikuwa imeshabandikwa juu ya jokofu, kila mteja aione. Mama Priscah alipangusa mikono, akavaa miwani, akaifungua pasipoti na kuiangalia kwa muda mrefu. Hakuangalia uso.

"Ukuta wangu umetoka vizuri," alisema. "Hii utatembea nayo miaka mingapi?"

"Kumi, Mama."

"Basi hiyo rangi sibadilishi."