Ukienda, Usirudi

Kufungiwa na mtu kuna nafuu yake, maana unaye wa kumlaani. Lakini mtu akijifungia mwenyewe, kwa mikono yake miwili, kwa hasira zake mwenyewe, atamlilia nani? Hasira hasara, na msemo huo Mama Viatu alikuwa anaujua tangu utotoni. Kuujua na kuufuata ni mambo mawili.

Huyu Mama Viatu alikuwa na duka la viatu katika mtaa ambao zamani ulikuwa mtaa wa maduka kwelikweli. Siku hizi mengi yamefungwa, vioo vimepakwa chokaa, na wanaopita ni vijana wa pikipiki waliobeba vifurushi vya watu walionunua vitu kwa simu. Wateja aliobaki nao ni wa aina moja: anaingia, anajaribu jozi sita, anajitembeza mbele ya kioo, anauliza namba, anapiga picha, kisha anasema, "Nitarudi, mama." Harudi ng'o. Anakwenda kuagiza kiatu kilekile mtandaoni kwa bei ya chini. "Mimi siuzi viatu tena," alikuwa akisema, "naazima watu kioo." Ndiye aliyeshona kitambaa kile kilichotundikwa juu ya mtaa, TUNUNUE KWETU, na ole wake mwenye duka aliyeonekana amekumbatia kifurushi cha mtandaoni. Angesutwa mpaka atamani ardhi impasukie.

Sasa basi, Kampuni ya mtandaoni ikatangaza bahati nasibu. Ukinunua chochote, jina lako linaingia, na mshindi atapandishwa kwenye roketi pamoja na matajiri wanaolipa kwenda kutalii anga za juu. Atazame dunia dakika chache, ashangae, arudishwe. Watu wakanunua hadi vitu wasivyojua vinafanya kazi gani. Na mchana mmoja, mbele ya mtaa mzima, watu wa Kampuni wakaja na kamera na maua, wakaingia moja kwa moja kwa Mama Viatu, wakamkumbatia mumewe. Mshindi!

Mtaa ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mama Viatu hakucheka. Aliuliza swali moja tu.

"Ulinunua nini?"

Mume akatazama sakafu. "Viatu."

Loo! Mume wa muuza viatu! Angenunua redio, yangeisha. Angenunua hata sumu ya panya, yangezungumzika. Na maskini ya Mungu, alikuwa na sababu yake: tangu astaafu miguu ilikuwa imevimba, inataka namba arobaini na saba, na dukani kwa mkewe mwisho ni arobaini na tano. Akiomba, mkewe atalazimika kuagiza katoni nzima, na katoni hiyo itakaa rafuni mpaka kiama. Kwa hiyo akanyamaza, akabonyeza simu. Alijaribu kuyaeleza hayo, kwa sauti yake ile ndogo, lakini mkewe hakusikia hata neno. Masikio yake yalikuwa yamejaa kicheko cha mtaa.

Baada ya hapo wakawa wanaishi kwa salamu tu. Mume alikuwa mtu mpole, na upole huo aliupata kazini: miaka yote aliendesha lifti katika lile duka kubwa la ghorofa mwisho wa mtaa, kabla nalo halijafungwa. Anaketi kwenye kiti chake kidogo, anafunga mlango, anatangaza, "Ghorofa ya tatu, vyombo vya jikoni. Ghorofa ya nne, mapazia." Juu kabisa ilikuwa ya tisa, na hapo anageuza, anashuka.

"Mke wangu," alimwambia jioni ya kuamkia safari, "nimepanda maisha yangu yote na sijawahi kufika. Niache nifike mara moja tu."

Mkewe alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. "Nenda," akasema. "Ila ukienda, usirudi."

Mume akaweka kikombe mezani taratibu, akaenda kulala.

Asubuhi Mama Viatu alifika dukani akakuta mlango wa nje, ule wa chuma unaojikunja juu, umeshainuliwa. Mlango huo ulikuwa mkaidi, na mumewe peke yake ndiye aliyeujulia: unainua kwa nje huku unaupiga teke kona ya kushoto. Kumbe gari la Kampuni lilipokuja kumchukua alfajiri, aliomba lipitie dukani kwanza amfungulie mkewe. Mtu mwingine angelainika. Mama Viatu akazidi kuvimba, maana wema wa mtu uliyemkasirikia unaudhi kuliko ubaya wake.

Mara wenzake wa mtaani wakaja mlangoni, wamevaa vizuri, binti yake mwenyewe yumo. Kampuni ilikuwa imewaletea basi la kuwapeleka uwanja wa roketi.

"Mama, twende," binti akasema. "Jamaa wanaruhusiwa kuagana naye kwenye uzio mpaka saa sita."

"Sina wa kuagana naye."

Fundi saa wa jirani, ambaye ulimi wake haukujua likizo, akadakia, "Twende, Mama Viatu! Au unaogopa tutakuona unalia? Angalia, mzee akifika huko juu akakutana na mwenye duka lenye namba arobaini na saba, ndiyo basi tena!"

Wakacheka. Hapo ndipo Mama Viatu alipoushika ule mlango wa chuma kwa mikono miwili akauteremsha mbele ya nyuso zao kwa nguvu zote alizojaliwa. Ukashuka na kishindo, ukaruka kutoka kwenye reli yake upande mmoja, ukakwama. Yeye hata hakuona. Alisikia basi likiondoka, kisha hakusikia kitu. Mtaa wote ulikuwa umekwenda.

Akaketi gizani kwenye kigoda cha kujaribia viatu. Hasira ni mgeni, hukaa kidogo ikaondoka, na ilipoondoka ikamwachia lile neno. Usirudi. Alilisikia upya, kwa sauti yake mwenyewe. Mama yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kuruhusu msafiri atoke nyumbani na maneno mabaya mgongoni, hata kama anakwenda kijiji cha pili tu. Kauli huumba, alikuwa akisema. Na huyu wake hakuwa anakwenda kijiji cha pili. Alikuwa anakwenda kuketi juu ya mafuta ya kuunguza mji mzima, na mtu awashe moto chini yake. Na cha mwisho alichosikia kwa mkewe ni kwamba asirudi!

"Mimi nina wazimu," akasema kwa sauti. "Nina wazimu kabisa."

Akasimama. Teksi ipo, uwanja si mbali, saa sita bado. Atafika kwenye uzio, atamwambia rudi, hata kama fundi saa atacheka mwaka mzima. Akaushika mlango, akavuta. Haukutikisika. Akauinua kwa bega, akauinua kwa mgongo, akaupiga teke kona ya kushoto, kisha ya kulia, kisha zote kwa matusi. Wapi! Mpini wa kuinulia uko nje.

Dirisha nalo lilikuwa limefunikwa na chuma hichohicho. Mlango wa nyuma mwenye nyumba aliuziba kwa matofali pale alipoipangisha Kampuni sehemu ya nyuma iwe ghala lao. Alivua kiatu akagonga ukuta ule kwa kisigino, lakini upande wa pili mashine za kusukumia mizigo zilikuwa zinanguruma, hata ungepiga ngoma usingesikiwa. Akampigia mumewe, akijua fika kwamba wasafiri wamenyang'anywa simu. Akampigia binti yake: hapatikani. Fundi saa: hapatikani. Maelfu ya watu walikuwa wamejazana uwanjani wanapiga picha, na mtandao umelemewa. Akapiga zimamoto.

"Kuna moto, mama?"

"Hakuna. Nimejifungia dukani."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, lakini..."

"Basi tulia hapo hapo. Magari yetu yote yako kwenye roketi."

Atulie hapo hapo! Kama vile ana pengine pa kutulia. Akaweka sikio kwenye chuma akisubiri mpita njia, yeyote, hata mwizi. Hakupita mtu. Mtaa aliouzia viatu maisha yake yote haukuwa na hata mtu mmoja wa kuja mlangoni kwake. Wanaokuja milangoni siku hizi ni wale vijana wa pikipiki, na wao huja kwa aliyenunua.

Wazo likaja, akalifukuza. Likarudi. Akatazama saa.

"Haya," akasema. "Leo nimepatikana."

Akaipakua programu ya Kampuni kwenye simu, kwa aibu ingawa hakuna aliyemwona. Akajisajili. Akatafuta kitu cha bei ndogo kinacholetwa upesi kuliko vyote, akapata kamba za viatu. Ndiyo, kamba za viatu! Nyuma yake rafuni zilikuwepo za rangi zote, na hizo anazonunua zilikuwa zinatoka ghalani, ng'ambo ya ukuta wake mwenyewe. Akabonyeza, akalipa. Kwenye ramani kikatokea kipikipiki kidogo, kikaanza kuzunguka mtaa, na hakuna kitu alichowahi kukitazama kwa mapenzi namna ile.

Pikipiki ikasimama nje. Hatua zikakaribia.

"Kijana! Nimekwama humu! Shika huo mpini, inua! Mwanangu, inua!"

Kijana alikuwa na helmeti kichwani na muziki masikioni. Mama Viatu alisikia mdundo wake kabisa. Aligonga chuma kwa viganja vyote viwili. Kitu kikawekwa chini, pikipiki ikanguruma, ikaondoka. Simu ikalia mkononi mwake: Kifurushi chako kimefikishwa. Asante kwa kununua nasi. Chini yake palikuwa na picha kama ushahidi.

Aliitazama ile picha. Kifurushi kimelala mbele ya mlango wenye kutu, majani yameota kwenye ufa wa kizingiti, kibao kimefifia hata hakisomeki. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni kwake. Miaka yote alilitazama duka akiwa ndani. Kumbe anayepita nje huona duka lililokufa zamani, na hata angemsikia mwanamke analia humo ndani angedhani ni paka. Akalia kweli, bila kujizuia.

Saa sita ikapita. Muda wa kuagana kwenye uzio ukawa umekwisha. Akapiga namba ya Kampuni, ikamwimbia, kisha ikamwambia abonyeze moja kama anataka kurudisha bidhaa. Ya kurudisha neno haikuwepo.

Halafu ikaja ngurumo. Ilianza chini miguuni, ikapanda kwenye rafu, maboksi yakaanza kuanguka moja moja, mlango wa chuma ukatetemeka wote. Mama Viatu akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye upenyo wa chini ambako mwanga ulikuwa unaingia.

"Rudi!" alipiga kelele. "Rudi, mume wangu! Lile neno nimelifuta! Nakupenda, mjinga wewe, rudi!"

Ngurumo ikapanda, ikawa nyembamba, ikaisha. Yeye akabaki pale chini akiita, sauti imekauka, mpaka akawa ananong'ona tu.

Hakujua amelala hapo kwa muda gani aliposikia hatua nzito. Mtu akashika mpini. Kona ya kushoto ikapigwa teke, mara moja, mara mbili, na mlango ukapanda. Jua likamjaa machoni. Mbele yake palikuwa na viatu namba arobaini na saba, vimejaa vumbi, na juu yake ovaroli ya buluu yenye nembo ya Kampuni.

Alimrukia shingoni karibu amwangushe. "Umerudi! Umerudi, mzima! Hebu niambie, ulionaje huko?"

Mumewe alikuwa anatazama juu ya bega la mkewe, mbinguni, ambako mstari wa moshi mweupe ulikuwa bado haujakatika. Mama Viatu akageuka, akauona, na mikono yake ikateremka yenyewe.

"Sikwenda," mume akasema.

"Hukwenda vipi?"

"Walitupandisha kwa lifti. Nzuri sana, haina hata mtikisiko. Nikaketi, nikafungwa mikanda. Kulikuwa na kidirisha pembeni yangu. Wakauliza kama kuna mwenye tatizo, wanafunga mlango. Nikawaambia wanishushe."

"Kwa nini, jamani? Kwa nini?"

"Ulisema nikienda nisirudi. Ningekwenda, nikaona nilichoona, halafu ningemsimulia nani?" Alisema bila lawama yoyote, kama anavyotaja ghorofa. "Wakaniteremsha. Njiani nikapata lori la kunileta. Iliporuka tulisimama kando ya barabara tukatazama. Dereva alipiga makofi."

"Nilitaka kuja kulifuta! Nimekwama humu tangu asubuhi, nataka kuja kulifuta!"

"Mimi nilipoona umefunga, nikajua bado umekasirika."

"Watakupa nafasi nyingine. Tutawaomba. Nitakwenda mwenyewe, nitapiga magoti."

"Nafasi ni moja, mke wangu. Niliweka saini."

Akapita katikati ya maboksi yaliyoanguka, akaketi kwenye kigoda cha kujaribia viatu, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka, kama alivyokuwa akiketi kazini. Mkewe alitamani apige kelele. Alitamani amtukane, avunje kioo, aseme lolote ambalo mtu anaweza kulijibu. Mumewe akaanza kuokota viatu vilivyokuwa karibu yake na kuvirudisha kwenye maboksi, jozi kwa jozi.

"Mlango umeruka reli," akasema. "Nitautengeneza leo. Na kesho nitawahi nikufungulie."

Mama Viatu akakaa sakafuni miguuni pake. Alimlilia arudi, na amerudi, hana hata mchubuko. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na barabara yote, na yeye hakuwa na pa kwenda.