Taa Imewaka, Sijagonga

…imewaka, taa ndogo ya kijani ya kile kifaa cha mtandao, nimeiona kwa macho yangu hapo juu ya mlango wa chumbani kwangu, na fundi Mikidadi anauliza kutoka sebuleni, mama, imewaka? nami natakiwa nigonge mlango mara mbili kama imewaka, mara moja kama bado, ndivyo alivyotupangia jirani yangu Bi Maulida, maana nimekaa eda na hataki sauti yangu imfikie mwanamume wa nje, leo siku ya sitini na tatu, na mkono umekaa tu kwenye ubao, hautaki kugonga… waya mmoja, mama Adila, alisema mume wangu Majaliwa, mmoja tu, unaleta mtandao na umeme pamoja, akapanda ngazi na magoti yake yale mabovu, akatoboa ukuta wa mawe kutwa nzima, vumbi mpaka kwenye chungu cha mchuzi, ili niongee na binti yetu huko Maskati nikiwa nimejilaza, nisiufuate mtandao sebuleni, na alipochomeka waya kwenye ruta ya sebuleni, kifaa chake kile cha mviringo hakikuwaka, nami nikacheka, ee Mola wangu, nikacheka na Adila yuko kwenye simu anasikia, nikasema baba yako kauziwa sahani ya plastiki, mzee mzima hovyo, naye akakunja ngazi yake akaenda kuoga… "Mama Adila, vipi huko?" huyo Bi Maulida, ngoja kidogo, ngojeni… alipotoka kuoga alikula, akasema chumvi imekolea vizuri, na kesho yake Jumatano kutwa nikamwita fundi sahani, anatabasamu tu, Ijumaa alfajiri namwamsha kwa sala, haamki… na leo Mikidadi kaja na kisanduku, nimemsikia akimweleza Bi Maulida, ruta hii ya nyumbani inatoa mtandao tu, umeme haitoi, kisanduku hiki ndicho kinachoutia umeme kwenye waya uleule, kifaa ni kizima, mzee alipungukiwa na hiki tu, na Jumatano ile alikuja dukani kwangu Zinga akakiagiza, akasema usimwambie mama, nataka aione taa… alijua, kutwa namcheka na yeye anajua… walipotaka kumtoa waliniita nimuage, wakaniambia msamehe mumeo, nikasema nimekusamehe yote, Majaliwa, kwa sauti ya mtu mkarimu, wala haikunijia kumwomba yeye anisamehe mimi, nilijiona sina kosa, na sasa nikigonga mara mbili watafurahi, Mikidadi atakusanya bisibisi zake, Bi Maulida ataenda kwake, nitabaki na taa hii inanitazama, na wa kumwomba radhi hayupo, nyumba nzima hayupo… "Bado, eti?" anasema Mikidadi, "basi waya umekatika humo ukutani, Bi Maulida, mzee aliukata mwenyewe alipokuwa anatoboa, kazi za kujifanyia hizi," na Bi Maulida anaguna, "Masikini Majaliwa, hakuwa fundi," hapana, hapana jamani, nimemcheka akiwa hai, na kimya changu hiki kinamcheka tena akiwa kaburini, nisamehe mume wangu, nisamehe, hakuukata, fundi, nasema kwa sauti, edani humuhumu, na anisikie, hakuukata, taa imewaka tangu uliponiuliza mara ya kwanza.