Wiki ya Vifungo

"Haya yote ni kweli tupu, toka neno la kwanza hadi la mwisho," aliapa Babu Kilo, mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya kopo la biskuti alilolipakata. "Nikidanganya, meno yangu yote yang'oke."

"Yapi, yako au ya bandia?" akauliza shemeji yake bila kuinua macho.

Huyu shemeji, mdogo wa mkewe, alikuwa fundi cherehani na mwenyekiti wa kamati ya soko. Kibanda chake kilijaa vitambaa hadi darini, na siku hiyo kilijaa watu pia. Soko lilikuwa linatimiza miaka hamsini. Kamati ilikuwa imenunua ubao wa kutundikwa langoni, utakaoandikwa kisa kimoja cha soko pamoja na jina la aliyekitenda. Fundi wa maandishi alikwishafika, brashi sikioni, akisubiri kuambiwa aandike nini.

Babu Kilo alitaka jina hilo liwe lake kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Miaka thelathini na tano alikuwa mkaguzi wa mizani hapo sokoni. Alipotokeza tu langoni, watu walianza kukohoa kupeana ishara, na mawe ya mizani yaliyochongwa kupunguzwa uzito yalizama chini ya magunia. Hakuna aliyewahi kufurahi kumwona. Amestaafu mwaka wa nne sasa, na wengine bado humkoholea kwa mazoea. Mtu hawezi kukumbukwa kwa kikohozi peke yake.

"Mnaukumbuka mwaka ule chenji ilipopotea," akaendelea. "Mtu ana noti, anataka kitunguu kimoja, utamrudishia nini? Nikapanda juu ya mzani mkubwa, nikatangaza: kuanzia leo tunatumia vifungo! Cha shati, kitunguu kimoja. Cha koti, chenye matundu manne, mche wa sabuni."

"Na cha suruali?" akadakia muuza vitunguu.

"Cha suruali kilinunua debe la maji, na aliyekitoa alirudi nyumbani kashika kiuno."

Kibanda kikaangua kicheko. Babu Kilo akanogewa.

"Siku ya pili vya koti vikatoweka. Kwa nini? Kila mtu alificha kizuri nyumbani, akalipa kwa kibovu. Sokoni vikabaki vyenye nyufa tu. Siku ya tatu mjanja mmoja wa karakana ya mashati akaja na gunia zima! Hadi jioni kitunguu kimoja kilikuwa vifungo arobaini. Vitunguu ni vile vile, vifungo vimezagaa mpaka kuku wanavidonoa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba fedha ikizidi na bidhaa isipozidi, kinachonenepa ni bei, si watu. Nikaandika nadharia nzima nyuma ya fomu ya ukaguzi."

"Iko wapi hiyo nadharia?" akauliza shemeji.

"Iliibwa. Nilipostaafu nikaanza kwenda maktaba, nikaikuta kitabuni, imekaa kama ilivyo. Wasomi wale waliniibia miaka mia nne kabla sijazaliwa."

Fundi wa maandishi akafuta machozi ya kicheko, akachovya brashi. "Basi naandika 'Babu Kilo' kwa herufi kubwa?"

Angenyamaza hapo, ubao ungekuwa wake. Lakini ulimi ulishapata mteremko. "Ngoja! Msije mkasema ni porojo," akasema, na kulifungua kopo. "Ushahidi huu. Vifungo vya wiki ile ile, havijaguswa tangu siku hiyo."

Shemeji akachukua kimoja cha kahawia, chenye matundu manne. Akavaa miwani. Akakigeuza, akauvuta kwa kucha uzi mfupi uliobaki nyuma yake.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Hapa sokoni nani anazungusha uzi mara tano shingoni mwa kifungo?"

"Sijui. Mafundi wengi."

"Ni mimi peke yangu, na wenzangu hunicheka kwamba napoteza uzi. Na nani ana kifungo cha kahawia kilichoshonwa kwa uzi wa kijani, kwa sababu wa kahawia uliisha na yeye ananisimamia kichwani ana haraka ya sherehe yake ya kustaafu?"

Babu Kilo akaanza kulifunga kopo taratibu.

"Lile koti liko wapi?"

"Linapumzika."

"Limekatwa vifungo, sema!" akapaza sauti muuza vitunguu, akijipiga mapaja.

Shemeji akavua miwani. "Wiki ile mimi nilikuwapo. Hatukutumia kifungo wala kokoto. Huyu muuza vitunguu alinipa vitunguu, nikamwahidi gauni. Mwenye sabuni akampa yeye sabuni, mimi nikamshonea mwenye sabuni mapazia. Kila mtu aliweka kichwani. Chenji iliporudi, tulikaa kuhesabiana tukakuta karibu kila deni limeshafutana na lingine. Wewe ulikuwa wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Babu Kilo alitafuta uongo akaukosa.

"Likizo," akasema.

"Ndiyo maana mambo yalikwenda vizuri!" akasema shemeji.

Fundi wa maandishi akauliza aandike nini sasa. Shemeji akawaza kidogo. "Andika: Chenji ilipoisha, tulikumbukana. Kwenye jina weka: Sote."

"Hata kwa herufi ndogo, pale chini pembeni?" akanong'ona Babu Kilo.

"Pembeni patakuwa na msumari. Kalete hilo koti nilishone kabla dada hajaliona. Vifungo sita, kila kimoja kwa bei ya gauni la mtoto."

"Shemeji! Kopo zima limejaa vifungo! Kitu kikiwa kingi bei inashuka, ndiyo elimu yenyewe!"

"Vifungo vingi, fundi mmoja."

"Haya, basi weka kichwani. Tutakumbukana mwisho wa mwezi."

"Nikumbukane na wewe? Wewe unalipa sasa hivi, mkononi."

Babu Kilo akamtazama muuza vitunguu, akamtazama fundi wa maandishi. Wote wakageukia ubao. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti moja, kisha ya pili, akazilaza juu ya cherehani na kuzinyoosha kwa kiganja, akaenda nyumbani kufuata koti.