Kuku Chini ya Gari la Kitanda

Tangu afanyiwe upasuaji wa mgongo, mume wangu Yakobo hawezi kukaa kitako. Kutembea anatembea, polepole, na kulala analala vizuri tu. Kukaa ndiko kunamshinda. Kwa hiyo binti yetu Paskazia alipopiga simu kutoka Songea kwamba siku yake ya nadhiri za daima za usista imepangwa, na kwamba anataka baba yake amshike mkono mpaka altareni, habari ya kupanda basi hatukuigusa. Tegemeo letu likawa gari la Kevin.

Kevin ni mjukuu wetu. Alinunua basi dogo kuukuu, Kosta, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko dogo la gesi, sinki na tangi la maji, naye huwaendesha wageni wanaokwenda mbugani. Alilileta hapa kwetu Luchelele, kando ya ziwa, siku chache kabla ya safari ili likaguliwe, pamoja na fundi wake wa Mabatini, Ngosha, mtu mrefu asiyependa kuharakishwa.

Mimi sikukaa mbali. Bomba la gesi walilipaka povu la sabuni kuona kama litatoa mapovu, halikutoa. Tangi la maji lilikuwa na utelezi wa kijani, nikaliosha mwenyewe kwa mchanga na majani ya mpapai. Dirisha la juu tulilijaribu hivi: mimi nililala kitandani, Kevin akamwaga ndoo ya maji juu ya paa. Tone likaniangukia puani. Ngosha akabandika mpira mpya, nikalala tena, safari hii nikabaki mkavu. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Kevin," akasema, "naona unamzoesha mke wangu kitanda chako."

"Babu, wewe umeshachoka. Mwachie mwenye gari."

Yakobo alicheka, lakini suti ilipofungwa kwenye sanduku alikataa viatu vyake vyeusi kuingizwa. Alisema viatu vitaingia gari likishapona kabisa. Vikabaki dirishani, vimeng'arishwa.

Betri ilikuwa imechoka, ikabadilishwa. Breki zikakazwa. Ndipo Kevin na Ngosha wakalipeleka gari kulijaribu kwenye mwinuko wa kuelekea Buhongwa. Walirudi na habari mbaya. Injini ilikuwa inachemka. Ngosha alikuwa ametazama rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, kwa mbele, akaiona safi, maji yapo, feni inazunguka. Akasema basi itakuwa gasketi ya silinda imeungua, na hiyo ni kushusha kichwa cha injini na kukipeleka kusawazishwa. Siku ya nadhiri ingepita gari likiwa bado limefunguliwa.

Nilimweleza mzee taratibu. Hakulalamika. Alikwenda ukutani, akajiegemeza.

"Mpigie Paskazia," akaniambia. "Mwambie atafute mjomba wa kumshika mkono. Asisubiri."

Nikashika simu, lakini nikamwambia kwanza niwafungie kuku, maana jua lilikuwa linashuka. Ukweli ni kwamba kidole kilikataa kubonyeza.

Kuku hawakuja. Niliwarushia pumba kama siku zote, nikawaita, wapi. Nilipozunguka nyumba niliwakuta wote chini ya pua ya lile gari, wanachakura na kugombana kama wamemwagiwa mchwa. Jogoo alikuwa amepanda kwenye bampa, shingo ameiingiza ndani ya matundu, anadonoa. Nikainama. Chini palikuwa na mabonge makavu meusi. Nililifikicha moja, likawa mbawa tupu. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi.

Nikamwita Kevin, nikamuuliza alikutana nao wapi. Akasema Kayenze, alipokwenda kununua samaki jioni moja kabla hajalileta gari kwetu. Sasa, mtu wa huku akiliona wingu lile linakuja huzima taa, maana wanafuata mwanga. Kevin hakuzima taa wala injini. Aliogopa betri ile mbovu isingewasha tena. Feni ikawavuta wote. Asubuhi akapeleka gari kuoshwa, wakalipiga maji ya pampu kwa mbele, likang'aa.

Ngosha alikuwa anafunga vifaa vyake. Alisimama akiwatazama kuku, kisha akavifungua tena. Mbele ya rejeta kuna nyingine nyembamba, ya kiyoyozi, na ile pampu ilikuwa imewasukuma wadudu katikati ya hizo mbili, mahali ambapo jicho halifiki. Alipozitenganisha, walitoka wameshikana kama mkeka. Alipuliza maji kutoka upande wa injini kuja mbele, akachokonoa kwa brashi laini, mpaka mwanga wa tochi ukapenya upande wa pili.

"Bibi," akaniambia, "nilikuwa nakwenda kuifungua injini nzima."

"Hukuifungua," nikamjibu. "Kunywa chai."

Asubuhi tulikwenda wote kulijaribu, mzee kitandani, mimi miguuni pake, Ngosha mbele na Kevin. Tulipanda mwinuko ule ule. Kutoka nilipokaa nilikuwa naona mshale wa joto juu ya usukani, nikautazama kama ninavyotazama maziwa jikoni. Ulipanda hadi katikati, ukatulia. Tulifika juu. Kevin akageuza, tukashuka, akapanda tena kwa makusudi. Mshale hapo hapo. Ngosha akajiegemeza kwenye kiti, akaanza kupiga mluzi.

Yakobo alikuwa amelala chali, anaangalia dirisha la juu.

"Ulishampigia Paskazia?" akauliza.

Nikamwambia bado.

Nikaona mkono wake unatafuta wangu juu ya shuka.

"Tukifika nyumbani," akasema, "nipe viatu vyangu niviweke mwenyewe."