Jiko Lililoziba Bomba

Msimu ule nilikuwa mkali kama pilipili, na sioni haya kusema. Magunia ya zeituni yalirundikana mbele ya kinu chetu cha kukamulia mafuta mpaka barabarani, na zeituni zikikaa sana kwenye gunia hupata joto, mafuta yake yakaharibika. Majirani walishaanza kupeleka zao kijiji cha pili. Kama na wengine wangeondoka, tungekifunga kinu alichotuachia baba.

Kaka yangu Sifis alikuwa na jibu moja tu: tukope, tununue mashine kubwa ya kusagia. Nilishakubali.

Aliyetuzuia ni shangazi Rodanthi, dada yake baba. Alikuwa amekalia magunia yake tangu asubuhi akingoja zamu. Nikamwambia kwa hasira asinitazame vile, mashine ndiyo ndogo.

"Hebu sikiliza, Argiro," akasema. "Mashine yenyewe imezimwa. Inangoja watu wanyanyue makalio."

Nikageuka. Kweli, ilikuwa kimya. Kwetu hakuna anayeondoka na mafuta mapya bila kuyaonja, na baba alijenga jiko la kuni palepale kwenye bomba linalotoa mafuta. Jirani yetu Manousos na wanawe walikuwa wamelizunguka, wanachoma mkate, wanauchovya, wanapeana raki, pombe kali ya zabibu, na kupiga soga za harusi. Madebe yao yaliyojaa yalikuwa bado chini ya bomba. Kumharakisha mtu anayeonja ni kukosa adabu, kwa hiyo Sifis huzima mashine akangoja. Tulishazoea hata hatuoni.

Shangazi akataka jiko lihamishwe. Sifis akagoma, jiko la baba haliguswi.

"Baba yenu alilijenga hapo kwa sababu ya baridi tu," shangazi akamwambia. "Mawe nilimbebea mimi. Nitayabeba tena."

Hakuyabeba. Sifis alilegea. Manousos na wanawe waliona aibu, wakayahamishia chumba cha kungojea, wakalijenga jiko upya. Sasa mtu anajaza madebe, anayatoa, kisha anaenda na jagi lake kuonja pamoja na wanaongoja. Barabara ikawa tupu, na waliotukimbia wakarudi wakijifanya wanapita tu.

Mafuta ya shangazi yalitoka ya kijani, machungu kidogo kama mafuta mapya yanavyotakiwa, mazima. Kipande cha kwanza cha mkate alinipa mimi. Nikasimama nikamshukuru mbele ya watu wote, kwa kinu, kwa kaka yangu asiye na deni, kwa kunivumilia na ukali wangu. Machozi yalinitoka.

"Asante nimeipokea, mwanangu," akasema. "Sasa sogea, umeziba mlango."